Kabla hujapanga nchi kwa mafundi sanifu wa utafiti, uliza nani amehesabiwa

Mtoto wa kaka yangu alinijia Jumamosi moja baada ya Alasiri, mkononi karatasi alizochapisha saiba pale Buxton, hapa Mombasa. Chuoni wamepewa kazi: walinganishe nchi kumi kwa idadi ya mafundi sanifu walio katika utafiti na maendeleo, kisha waeleze wanachokiona. Alikuwa amekwisha kuchora nguzo zake kwa rangi. Denmark juu, Kenya chini karibu na mstari, na chini ya mchoro ameandika sentensi moja: "Kenya iko nyuma kwa sababu haina mafundi."

Nikamtilia chai, nikaisoma ile karatasi mara mbili, halafu nikamwuliza: "Mimi nimo humu?"

Akanitazama asijue la kusema. Anajua kwamba nimefanya kazi ya maabara ya maji ya bahari tangu yeye hajazaliwa. Jibu hakuwa nalo, na mimi siku hiyo sikuwa nalo pia. Tulikaa hadi adhana ya Isha tukilitafuta. Haya ninayoyaandika ndiyo tuliyoyafanya jioni ile na Jumamosi mbili zilizofuata. Nimeyapanga kwa ajili ya mwanafunzi mwingine, au mwandishi wa habari, au karani wa kaunti atakayepewa kazi ya namna hiyo akajikuta ana jedwali mbele yake na hajui aanzie wapi.

Anza na mtu. Tarakimu zingoje.

Kazini sisi hujiita tekinishiani. Vitabuni utakuta fundi sanifu, na ndilo neno nitakalotumia. Usimweke kichwani kama neno tu, mwone akiwa kazini. Chukua asubuhi moja tunapotoka na mashua katika hori ya Tudor kuteka maji. Ukitaka kujua oksijeni iliyomo katika maji yale, huwezi kuyatia chupani ukayapeleka maabara ukayapime mchana, kwa sababu vijidudu vilivyomo vinaendelea kupumua ndani ya chupa na oksijeni inapungua. Basi hapo hapo chomboni unatia manganizi, unatia ayodaidi yenye alkali, unaiziba chupa bila kuacha hata povu moja la hewa, unaipinduapindua mpaka mashapo ya kahawia yajifunge. Ukirudi maabara unatia asidi, mashapo yanayeyuka, maji yanakuwa manjano. Halafu unashusha thiosalfeti tone kwa tone kwa bureti, mrija wa kioo wenye alama za kupimia. Manjano yakififia unatia wanga, maji yanageuka buluu, nawe unaendelea polepole mpaka tone moja la mwisho linaiondoa buluu yote. Tone likizidi, kazi ya asubuhi nzima imeharibika. Njia hii aliibuni Mhungari Lajos Winkler mwaka 1888, na mpaka leo vifaa vya umeme vinavyopima oksijeni husahihishwa kwayo.

Mwanasayansi ndiye aliyeamua tuteke maji wapi na kwa nini, na ndiye atakayeandika makala. Lakini ile tarakimu iliyomo katika makala imetoka katika mkono unaoshika bureti. Mwenye mkono huo ndiye tunayemtafuta katika jedwali.

Sasa ufungue kipimo kinachotumiwa na dunia. Kinaitwa Mwongozo wa Frascati. Frascati ni mji mdogo karibu na Roma, na wataalamu wa takwimu walikutana pale mwaka 1963 chini ya OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi zina viwanda vikubwa, wakakubaliana namna ya kuhesabu utafiti. Mwongozo umerekebishwa mara kadhaa. Toleo linalotumika sasa ni la 2015. UNESCO hukusanya takwimu za nchi nyingi kwa kanuni hizo hizo, na Benki ya Dunia huzichukua kwa UNESCO. Kwa hiyo ukiona jedwali kwenye tovuti ya Benki ya Dunia na jingine kwenye ya UNESCO, usidhani umepata mashahidi wawili. Shahidi ni mmoja.

Mwongozo unawagawa watu wa utafiti mafungu matatu. Kuna watafiti, wanaobuni na kuongoza. Kuna mafundi sanifu na wenzao wa kiwango hicho, wanaofanya kazi za kitaalamu, kwa kawaida chini ya usimamizi wa watafiti. Na kuna wasaidizi wengine: makarani, mafundi wa mikono, wanaohudumu moja kwa moja kwenye mradi. Nahodha wa mashua yetu yuko fungu la tatu. Mlinzi wa lango na mpishi wa kantini hawamo kabisa, ingawa bila wao hatuli wala hatulali salama.

Hapa kijana wangu alidhani amekwisha kuelewa, nikamrudisha. Fungu la pili ni pana kuliko maabara. Fundi sanifu kwa mujibu wa mwongozo ni pamoja na anayetafuta na kuchagua maandishi maktabani kwa ajili ya mradi, anayeandika programu ya kompyuta ya kuchambua data, anayetayarisha vifaa vya jaribio, anayechora grafu, na hata anayekwenda na fomu kuhoji watu. Yule binti anayekaa bandari ndogo ya wavuvi Shimoni alfajiri, akiuliza kila ngalawa imetoka wapi, imetumia wavu gani na imepata changu wangapi, kama anafanya hivyo kwa ajili ya mradi wa utafiti, naye ni fundi sanifu. Na mwanafunzi wa uzamivu, hata akishinda kutwa na pipeti mkononi kama mimi, huhesabiwa fungu la watafiti.

Jambo linalosumbua zaidi ni mpaka kati ya utafiti na kazi ya kila siku. Mwongozo una mfano wa damu ambao naupenda kwa sababu kila mtu anauelewa. Ukienda hospitali ukapimwa damu kujua kama una malaria, huo si utafiti, hata mpimaji awe hodari namna gani. Lakini wakipimwa watu kwa mpango maalumu ili kujua dawa mpya inafanyaje kazi, mpimaji yule yule, kwa mashine ile ile, amekuwa fundi sanifu wa utafiti. Maji nayo ni hivyo. Hoteli ya ufukweni ikinilipa nipime maji ya bwawa lake la kuogelea, sihesabiwi. Nikipima maji ya hori ili tujue kwa nini nyasi za bahari zinakufa, nahesabiwa. Kazi ya utafiti sharti itafute jambo jipya, iwe na ubunifu, matokeo yake yasijulikane mapema, ifanywe kwa utaratibu, na mwingine aweze kuirudia. Sifa zote tano ziwepo.

Baada ya hapo soma maelezo madogo yaliyo chini ya jedwali, na uyasome kabla ya tarakimu yoyote. Najua yanachosha. Tafuta mambo manne: nchi imehesabu vichwa au muda, ni ya mwaka gani, imehesabu sekta zipi, na imegawa mafungu kwa kazi mtu anayoifanya au kwa cheti alichonacho.

Hili la mwisho nilipite haraka. Zamani baadhi ya nchi zilipanga watu wao kwa vyeti: mwenye digrii ni mtafiti, mwenye diploma ni fundi sanifu. Nyingine zilipanga kwa kazi. Mwongozo wa sasa unataka kazi, lakini ukilinganisha miaka ya nyuma, angalia. Mimi nimefanya kazi na kijana mwenye digrii aliyeajiriwa kama fundi kwa sababu nafasi za juu hazikuwepo. Katika nchi moja angehesabiwa mtafiti, katika nyingine fundi, na yeye ni mtu yule yule na koti lake lile lile jeupe.

Vichwa na muda ndipo palipotuchukua jioni nzima.

Kwenye majedwali utaona herufi HC au FTE. HC ni hesabu ya vichwa: kila mtu aliyegusa utafiti katika mwaka huo ni mmoja. FTE ni hesabu ya muda kamili: mtu anahesabiwa kwa kadiri ya muda anaoutoa kwa utafiti. Anayetoa asilimia 30 ya kazi yake ni 0.3. Aliyeajiriwa kwa utafiti tu lakini kwa miezi sita ni 0.5.

Nikatoa shajara yangu ya kazi. Mimi huandika kila siku nimefanya nini, tabia niliyofunzwa na bwana aliyenipokea maabara nikiwa msichana, Mungu amrehemu. Tukachukua wiki nane tukazijumlisha. Wastani ukaja hivi: siku mbili za miradi ya utafiti, siku mbili za sampuli za wateja wanaolipa, siku moja ya kuwafundisha wanafunzi walio kwenye mafunzo ya kazini. Siku mbili kati ya tano. Kwa vichwa mimi ni 1. Kwa muda mimi ni 0.4.

Sikia sasa maana yake. Nchi yenye maabara nyingi kama yetu, ambako kila fundi anafanya kazi tatu kwa mshahara mmoja, itaonekana ina mafundi wengi ikihesabiwa vichwa na wachache ikihesabiwa muda. Nchi yenye vituo ambako fundi kazi yake ni utafiti tu, tarakimu zake mbili zitakaribiana. Ukiiweka ya kwanza kwa vichwa karibu na ya pili kwa muda, umelinganisha pishi na ratili. Zipo nchi zilizotoa vichwa tu, na kijana wangu alikuwa amezichanganya na zile za muda katika mchoro mmoja kwa sababu jina la safu lilifanana. Tulizitoa. Nchi kumi zikabaki saba.

Kisha mwaka. Tovuti hizi zina kitufe cha kuonyesha tarakimu ya karibuni zaidi kwa kila nchi, na kitufe hicho kimewapoteza wengi. "Karibuni zaidi" ya Denmark na ya Kenya zinaweza kuachana miaka kumi na zaidi. Kwa muda mrefu tarakimu ya Kenya iliyokuwa ikionekana humo ilikuwa ya mwaka 2010. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo amekwisha kumaliza shule ya msingi. Kwa hiyo katika daftari lako, safu ya kwanza baada ya jina la nchi iwe mwaka, na usilinganishe nchi mbili zilizopishana zaidi ya miaka mitatu. Mitatu ni mpaka wangu mwenyewe. Wewe ukiweka minne sitagombana nawe, mradi uuandike.

Ukikuta nafasi tupu, iache tupu. Tupu haina maana ya sufuri. Hata Marekani, nchi ya watafiti wengi mno, katika safu hii ya mafundi utakuta pengo, kwa kuwa takwimu hiyo haitolewi kwa namna hii. Hakuna atakayesema Marekani haina mafundi sanifu. Basi na tusiseme hivyo juu ya nchi ya Afrika iliyo na pengo lile lile.

Kugawa kwa idadi ya watu ni hesabu ya shule ya msingi: mafundi gawa kwa idadi ya watu, zidisha kwa 1,000,000. Lakini watu wa mwaka upi? Sensa ya Kenya ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097. Ya 2019 ilihesabu 47,564,296. Tuseme mafundi ni 1,000. Kwa sensa ya kwanza ni karibu 26 kwa kila milioni, kwa ya pili ni 21. Hakuna fundi aliyeacha kazi, ila watoto wamezaliwa. Mwanafunzi anayechukua mafundi wa 2010 akawagawa kwa watu wa leo anaishusha nchi yake bila kujua. Na kama unataka haki zaidi kwa nchi zenye watoto wengi kama zetu, fanya pia hesabu ya pili: gawa kwa idadi ya watu walio kazini badala ya watu wote. OECD hupenda kutoa kwa kila wafanyakazi elfu. Mtoto wa darasa la pili huko Kongowea hawezi kuwa fundi wa maabara, na kumweka katika kigawanyo kunaifanya nchi changa ionekane maskini wa mafundi kuliko ilivyo.

Sekta nazo ni nne: makampuni, serikali, vyuo vya elimu ya juu, na mashirika yasiyotafuta faida. Hapa kwetu unaweza kuzitembelea karibu zote kwa siku moja. Taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, makao yake makuu yako Mkomani. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor. CORDIO, shirika linalofuatilia matumbawe, linafanya kazi zake kutoka hapa hapa Mombasa. Halafu viwanda: Shimanzi, Changamwe, Miritini. Ndani ya viwanda hivyo kuna watu wanaojaribu mchanganyiko mpya wa bidhaa, wanapima, wanaandika, wanarudia. Wengi wao hawajui kwamba wanachofanya kina jina katika mwongozo wa Frascati, na mabosi wao hawajui pia. Uchunguzi wa takwimu usipofika viwandani, nchi inahesabiwa kwa serikali na vyuo tu. Katika nchi zenye viwanda vikubwa, mambo ni kinyume: sehemu kubwa ya watu wa utafiti wako kwenye makampuni. Maelezo madogo chini ya jedwali ndiyo yatakayokuambia sekta ipi imeachwa. Ikiwa nchi moja imeacha makampuni, linganisha zote kwa serikali na vyuo peke yake. Mchoro wako utakuwa mdogo, lakini utasimama.

Sasa nifike kwenye kipimo ambacho mimi nakithamini kuliko vyote, na ambacho hakikuwamo katika kazi aliyopewa kijana. Ni uwiano wa mafundi kwa watafiti.

Tuchukue nchi mbili za kubuni. Mnazi ina watu milioni 48, mafundi sanifu 2,400 na watafiti 4,800, wote kwa hesabu ya muda. Mkoko ina watu milioni 6, mafundi 1,500 na watafiti 9,000, kwa hesabu hiyo hiyo. Kwa kila milioni, Mnazi ina mafundi 50, Mkoko ina 250. Katika nguzo za rangi Mkoko imeipita Mnazi mara tano, na hapo wengi hufunga daftari. Lakini tazama ndani. Mnazi ina fundi mmoja kwa kila watafiti wawili. Mkoko ina fundi mmoja kwa kila watafiti sita. Ukiwa Mkoko, watafiti sita wanampigania mtu mmoja mwenye funguo za maabara. Mkoko ina watafiti wengi mno kwa ukubwa wake, na pengine makampuni yake yamenunua mashine zinazofanya kazi ya mikono kumi, au watafiti wake wanajipimia wenyewe. Uwiano hautakuambia ni lipi kati ya hayo, ila utakuambia pa kwenda kuuliza. Ile nguzo ya rangi haikuelekezi popote.

Uwiano una faida nyingine: idadi ya watu haimo, kwa hiyo makosa ya sensa na ya vigawanyo hayaugusi. Sharti ni moja, kwamba pande zote mbili ziwe vichwa au zote ziwe muda. Usichukue mafundi kwa vichwa na watafiti kwa muda.

Nieleze kwa nini naushikilia. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo mashine ya kupimia metali katika samaki ilifika kwa msaada kutoka nje, mpya, bado na plastiki yake. Watafiti walikuwepo, na mipango ya kujua zebaki na risasi katika samaki wetu ilikuwepo. Aliyefunzwa kuiendesha ile mashine alikuwa mmoja, naye alipata kazi Ghuba akaondoka. Mashine ilifunikwa kitambaa, ikakaa hivyo miaka mitatu. Kwa hesabu ya watafiti kituo chetu kilikuwa kinakua. Ungetazama uwiano, ungeona shida kabla kitambaa hakijatandikwa.

Na dunia yenyewe imetazama upande mmoja. Katika Malengo ya Maendeleo Endelevu yaliyopitishwa 2015, lengo la 9 lina vipimo viwili vya utafiti: fedha zinazotumika kwa utafiti zikilinganishwa na pato la taifa, na idadi ya watafiti kwa kila milioni ya watu. Mafundi hawamo. Kinachopimwa ndicho serikali hukifukuzia. Kenya katika sheria yake ya sayansi ya 2013 iliandika kwamba mfuko wa utafiti upewe asilimia 2 ya pato la taifa. Ni ahadi kubwa, na mimi naiombea itimie. Lakini fedha zikija na watafiti wakaongezeka bila sisi wa fungu la pili, zitanunua vitambaa vya kufunikia mashine.

Hapa Mombasa jambo hili lina historia. Pale Tudor palianza MIOME, taasisi ya kuwapa vijana Waislamu wa Afrika Mashariki elimu ya ufundi, miaka michache baada ya Vita vya Pili. Mwaka 1966 ikawa taasisi ya kiufundi, 1972 ikawa Politekiniki ya Mombasa, 2007 chuo kikuu kishiriki, 2013 chuo kikuu kamili. Mimi ni mtoto wa politekiniki. Diploma bado zinatolewa pale na nawashukuru wanaozifundisha. Ila kila ukiuliza kijana wa leo, anataka digrii, na mzazi wake anataka digrii zaidi yake. Ukiwa unalinganisha nchi, tafuta pia ni wangapi wanaomaliza stashahada za sayansi kila mwaka, kwa sababu mafundi wa miaka kumi ijayo wako darasani sasa. UNESCO wana takwimu za wanaohitimu kwa ngazi na kwa fani. Ziweke kando ya jedwali lako kama safu ya ziada, zisichanganyike na nyingine.

Chagua pia nchi za kulinganisha na yako. Kulinganisha Kenya na Denmark si dhambi, lakini kunafundisha kidogo. Weka Kenya, Tanzania na Uganda pamoja kwa sababu tunafanana shule, maradhi na bahari au ziwa. Weka moja ya mbali iliyowahi kuwa kama sisi, kama Korea Kusini, ambayo baada ya vita vyake ilikuwa nchi maskini na leo hutumia karibu asilimia 5 ya pato lake kwa utafiti. Hiyo usiitumie kwa mwaka mmoja. Ifuate miaka kwa miaka uone ni nini kilitangulia kukua.

Tulipofika hapo kijana aliniuliza lile swali langu alilokuwa amelibeba wiki mbili. "Shangazi, sasa wewe umo?"

Nikamweleza. Zamani, fomu ya uchunguzi wa takwimu za utafiti ilipita kazini kwangu. Ilikwenda ofisi ya juu, ikajazwa na mtu mmoja kwa mchana mmoja. Aliandika wenye digrii ya pili na ya tatu. Sisi wa maabara, tulikuwa kumi na mmoja, tuliwekwa pamoja na makarani katika fungu la wengine, kwa sababu ndivyo orodha ya mishahara ilivyotupanga. Niliiona nakala baadaye, fomu imekwisha kwenda. Hakukusudia ubaya, na kwa muda mrefu sikuona kama ni jambo. Nilikuja kuliona nilipoketi na mwanangu huyu mbele ya zile nguzo, nikijua kwamba kumi na mmoja kati yetu tuliondoka kwenye safu ya mafundi wa taifa zima kwa kalamu ya mtu mmoja.

Kwa hiyo ukimaliza jedwali, chukua nchi moja unayoijua kwa miguu yako, uende kituo kimoja uhesabu mwenyewe. Hutahitaji kibali kikubwa. Uliza kwa adabu: mafundi wangapi, kila mmoja anatoa siku ngapi za wiki kwa utafiti, na fomu ikija inajazwa na nani. Kituo kimoja hakisahihishi tarakimu ya nchi, na usithubutu kuizidisha kwa idadi ya vituo. Lakini kitakuonyesha kosa linaelekea wapi, juu au chini, na hilo utaliandika wazi chini ya mchoro wako.

Jumamosi ya tatu alikuja na karatasi mpya. Nguzo zimekuwa saba, zote kwa hesabu ya muda, mwaka umeandikwa juu ya kila moja, na kando yake safu ya pili ya uwiano. Ile sentensi ya kwanza ameikata. Badala yake ameandika: "Kwa takwimu za mwaka 2010, zinazohesabu muda na huenda zimeacha baadhi ya mafundi waliowekwa fungu jingine, Kenya ina mafundi sanifu wachache kwa kila milioni kuliko nchi nyingine sita zilizolinganishwa, uwiano wao kwa watafiti umeonyeshwa kando." Ndefu, haipendezi kusomwa kwa sauti, na mwalimu anaweza kumkata maksi kwa urefu wake. Mimi nilimwambia asiondoe hata neno moja.

Chini kabisa, kwa kalamu ya risasi, alikuwa amefanya hesabu nyingine ndogo ya maabara yangu. Kumi na mmoja wetu, kila mmoja na siku zake kwa wiki kama nilivyomtajia, jumla 5.2. Jina langu lilikuwa la tatu kutoka juu, na mbele yake 0.4.